Kampuni mbili za teknolojia zinaungana: maswali ambayo wenye hisa hawachoki kuuliza

Muungano mkubwa wa kampuni za teknolojia ukitangazwa, wenye hisa hugawanyika siku hiyo hiyo. Wapo wanaoshangilia, wapo wanaouza, na wapo wanaokaa kimya wakikuna kichwa. Maswali yao ni yale yale kila mara. Tumeyapanga kuanzia ya msingi hadi yanayowapata wachache, na pale jibu linapotegemea lingine tumetaja namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Kuungana na kununuliwa ni kitu kimoja?

Kwenye matangazo kampuni hupenda kusema "tumeungana", kwa kuwa neno hilo halimvunjii mtu heshima. Kwa mwenye hisa, la kutazama ni nani atashika usukani: nani anateua wakurugenzi wengi, mkuu wa kampuni anatoka upande gani, na wenye hisa wa kila upande wanabaki na asilimia ngapi.

AOL, kampuni ya huduma za intaneti, na Time Warner, kampuni ya habari na burudani, zilipotangaza ndoa yao Januari 10, 2000, zilijiita kampuni mbili zilizo sawa. Hata hivyo wenye hisa wa AOL walipewa asilimia 55 ya kampuni mpya na wa Time Warner 45, ingawa Time Warner ndiyo iliyokuwa na mapato makubwa zaidi, tena kwa mbali. Kilichoamua mgawanyo ni bei za hisa za wakati ule, ambao bei za kampuni za intaneti zilikuwa zimepaa kupita kiasi.

2. Wote tumesoma tangazo moja. Mbona hatukubaliani?

Kwa sababu hamjasimama mahali pamoja. Mwenye hisa wa kampuni inayonunuliwa anaona malipo. Mwenye hisa wa kampuni inayonunua anaona bili. Mfuko mkubwa wa uwekezaji una hisa za kampuni zote mbili, kwa hiyo pesa zikitoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia hausikii maumivu. Unachouliza ni kama jumla itaongezeka. Halafu kuna mfanyabiashara aliyeingia jana tu, baada ya tangazo, akitafuta faida ndogo ya miezi michache (swali la 10).

Hata waliosimama upande mmoja hutofautiana, kutegemea walinunua lini. Juni 2016 Microsoft ilitangaza kuinunua LinkedIn kwa dola 196 kwa kila hisa, karibu asilimia 50 juu ya bei ya soko. Aliyenunua Februari mwaka huo, baada ya hisa hizo kuanguka kwa zaidi ya asilimia 40 kwa siku moja, alikuwa na kila sababu ya kufurahi. Aliyenunua mwanzoni mwa 2015 kwa zaidi ya dola 250 aliambiwa apokee hasara yake taslimu, na nafasi ya kusubiri bei irudi ikafungwa. Ofa ilikuwa ile ile.

Kwa hiyo unaposikia mtu anasifu au kulaani muungano, kwanza uliza ana hisa za upande gani na alizinunua kwa bei gani. Mara nyingi hapo ubishi wote unakuwa umekwisha.

3. Kwa nini mnunuzi analipa zaidi ya bei ya soko?

Bei ya soko ni ya hisa chache za yule aliye tayari kuuza leo. Mnunuzi anataka hisa zote, pamoja na za wale ambao hawakuwa na mpango wa kuuza, na anataka mamlaka ya kuiendesha kampuni. Vyote viwili vinalipiwa. Ziada hiyo ndiyo inayomfurahisha muuzaji, na ndiyo hiyo hiyo inayomtia wasiwasi mwenye hisa wa mnunuzi.

4. Nina hisa za kampuni inayonunua. Mbona zimeshuka siku ya tangazo?

Sababu ya kwanza ni bei. Soko likiona umelipa zaidi ya kile utakachopata, linapunguza tofauti hiyo kwenye thamani yako siku hiyo hiyo. Ya pili ni njia ya kulipa: ukitoa hisa mpya, kila hisa ya zamani inashika kipande kidogo zaidi cha kampuni, ukikopa, riba inatangulia mbele ya gawio lako.

Ya tatu ni ujumbe unaojificha ndani ya ununuzi wenyewe, na kwenye teknolojia mara nyingi ndio unaouma zaidi. Septemba 15, 2022 Adobe ilitangaza kuinunua Figma, mpinzani wake kwenye programu za usanifu, kwa takriban dola bilioni 20, nusu taslimu na nusu hisa. Hisa za Adobe zilianguka kwa karibu asilimia 17 siku hiyo. Kampuni ilitoa pia matokeo yake ya robo mwaka siku ile ile, kwa hiyo si anguko lote linatokana na Figma. Lakini swali lililowasumbua wengi lilieleweka: kama bidhaa zenu wenyewe zinatosha kupambana na huyu mpinzani, kwa nini mnamlipa kiasi hiki? Ununuzi wa gharama kubwa unaweza kusomeka kama kukiri hofu.

Sababu ya nne ni ya kiufundi, na watu huisahau. Malipo yakiwa ya hisa, wafanyabiashara wanaowinda pengo la bei hununua hisa za kampuni inayonunuliwa na wakati huo huo hukopa hisa za mnunuzi na kuziuza. Mauzo hayo peke yake huisukuma bei chini, bila yeyote kati yao kuwa na maoni yoyote kuhusu ubora wa muungano.

5. Inawezekana hisa za pande zote mbili zikashuka?

Inawezekana, na ilitokea kwenye muungano unaokumbukwa kuliko mingi. Hewlett-Packard ilipotangaza mwanzoni mwa Septemba 2001 kuichukua Compaq, ofa ilikuwa hisa 0.6325 za HP kwa kila hisa moja ya Compaq. Siku ya kwanza ya soko HP ilianguka kwa zaidi ya asilimia 18. Kwa kuwa malipo ya Compaq yalipimwa kwa hisa hizo hizo za HP, ziada iliyoahidiwa iliyeyuka kabla ya jua kuzama, na hisa za Compaq nazo zikashuka kwa karibu asilimia 10.

Muuzaji anapoanguka pamoja na mnunuzi, soko linasema mambo mawili kwa pamoja: halipendi kampuni itakayozaliwa, na halina hakika kama itazaliwa.

## Unalipwa kwa nini?

6. Taslimu au hisa, ipi bora?

Ukilipwa taslimu umeshauza. Unajua kiasi, unaondoka, na kama muungano utafanikiwa au utaharibika si shauri lako tena. Ukilipwa hisa hujauza. Umebadilisha hisa moja kwa nyingine na sasa unamiliki sehemu ya kampuni usiyoichagua, pamoja na madeni yake na mipango yake.

Sisi tunaona swali hili lina uzito kuliko lile la asilimia ngapi juu ya bei ya soko, ingawa vichwa vya habari hutaja asilimia tu. Ziada ya asilimia 60 inayolipwa kwa hisa zilizopanda bila msingi inaweza kuwa duni kuliko ziada ya asilimia 20 inayolipwa taslimu. Wenye hisa wa Time Warner (swali la 1) walilijua hilo kwa gharama kubwa. Na mnunuzi anayeng'ang'ania kulipa kwa hisa zake anakuambia kitu, labda kwamba naye anaziona ghali.

7. Ofa inasema nitapata hisa 1.7234 kwa kila moja niliyo nayo. Hiyo ni pesa ngapi?

Leo unaweza kukokotoa. Siku ya kulipwa itakuwa kiasi kingine. Namba hiyo haibadiliki, bei ya hisa za mnunuzi ndiyo inayobadilika.

Uwiano huo ni wa AMD ilipoinunua Xilinx, zote kampuni za chipu za kompyuta. Ulipotangazwa Oktoba 2020 ulimpa mwenye Xilinx takriban dola 143 kwa hisa, na muungano mzima ulikuwa wa dola bilioni 35. Hisa za AMD zikapanda wakati mamlaka za ushindani (swali la 11) bado zinachunguza, na ulipokamilika Februari 14, 2022 malipo yale yale ya 1.7234 yalikuwa na thamani ya karibu dola bilioni 49. Upepo ungeweza kuvuma kinyume, kama ulivyowavumia wa Compaq (swali la 5).

Mikataba mingine huweka sakafu na dari, yaani uwiano hubadilika bei ikitoka nje ya mipaka fulani. Hili halionekani kwenye tangazo fupi. Lisome kwenye waraka wanaotumiwa wenye hisa kabla ya kupiga kura.

8. Naruhusiwa kuchagua malipo. Nitapata nilichochagua?

Si lazima. Broadcom ilipoichukua VMware, mwenye hisa aliweza kuchagua dola 142.50 taslimu au hisa 0.2520 za Broadcom, lakini mkataba ulitaka nusu ya hisa zote zilipwe taslimu na nusu kwa hisa. Wengi wakikimbilia upande mmoja, wanapunguziwa na kujaziwa na upande wa pili. Asiyechagua hupangiwa, na kwa kawaida hupangiwa kile ambacho wengine hawakukitaka.

Kuna pia ofa za mchanganyiko zisizo na uchaguzi wowote. Mwenye hisa wa Slack alipokea dola 26.79 pamoja na hisa 0.0776 za Salesforce kwa kila hisa yake.

9. Vipi kuhusu vipande vya hisa, na kodi?

Vipande hulipwa kwa pesa. Mwenye hisa 100 za Xilinx alipata hisa 172 za AMD, na ile 0.34 iliyobaki akalipwa taslimu.

Kuhusu kodi, kanuni pana ni kwamba malipo ya taslimu huhesabiwa kama mauzo, ilhali kubadilishana hisa kwa hisa huweza kuahirisha kodi hadi siku utakapoziuza zile mpya. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo muulize mtaalamu wa kodi kabla ya kuchagua malipo, maana baada ya hapo hakuna la kubadilisha.

## Kati ya tangazo na kukamilika

10. Ofa ni dola 95 lakini sokoni hisa ni dola 82. Kuna kosa?

Hakuna kosa. Dola 95 ni ahadi yenye masharti. Dola 82 ni pesa leo. Pengo kati yake ni bei ya kusubiri na bei ya wasiwasi.

Namba hizo ni za Activision Blizzard, kampuni ya michezo ya video. Januari 18, 2022 Microsoft ilitangaza kuinunua kwa dola 95 kwa hisa, jumla dola bilioni 68.7. Kabla ya hapo hisa iliuzwa kwa dola 65 hivi. Jioni ya siku ya tangazo ilifungia dola 82 na kidogo. Hesabu ya haraka inasema hivi: kama muungano ungevunjika na bei ikarudi 65, mnunuzi wa siku hiyo alikuwa akihatarisha dola 17 ili apate dola 13. Ukigawanya 17 kwa 30, yaani umbali wote kutoka 65 hadi 95, unapata kama asilimia 57. Hayo ndiyo matumaini ambayo soko liliyaweka kwa muungano huo siku ya kwanza. Ni kipimo cha juu juu, kwa sababu hakuna anayejua bei itarudi wapi hasa, lakini ni bora kuliko kukisia.

Kuna wanaoishi kwa kazi hii ya kununua pengo. Hata Berkshire Hathaway ya Warren Buffett ilinunua hisa nyingi za Activision kwa sababu hiyo, na Aprili 2022 ikasema ilikuwa imefikisha asilimia 9.5. Walisubiri sana. Marekani ilifungua kesi kuuzuia mwezi Desemba, Uingereza ikautia pingu Aprili 2023 na hisa zikaanguka kwa zaidi ya asilimia 11, kisha mkataba ukarekebishwa na kukamilika Oktoba 13, 2023. Dola 95 zikalipwa zote.

11. Huchukua muda gani, na nani anaweza kuuzuia?

LinkedIn ilichukua miezi sita, Activision miezi 21. Nchini Marekani sheria huzipa mamlaka za ushindani siku 30 za kwanza kuangalia, na wakitaka nyaraka zaidi saa inasimama. Baada ya hapo kuna Umoja wa Ulaya, Uingereza, China na kwingineko ambako kampuni hizo zina wateja. Kampuni zote mbili zinaweza kuwa za nje ya China na bado jibu likatoka Beijing: Qualcomm ya Marekani iliachana na mpango wa kuinunua NXP ya Uholanzi Julai 2018 kwa kuwa idhini ya China haikuja hadi muda ukaisha.

Serikali huweza pia kuzuia kwa hoja ya usalama wa taifa. Machi 2018 Rais wa Marekani aliipiga marufuku Broadcom kuichukua Qualcomm hata kabla wenye hisa hawajapiga kura.

12. Muungano ukivunjika, nani analipwa?

Mikataba mingi ina ada ya kuvunjika, lakini hulipwa kampuni, si wewe. Qualcomm iliilipa NXP dola bilioni 2. Adobe iliilipa Figma dola bilioni 1 walipoachana Desemba 2023. Nvidia iliposhindwa kuichukua Arm mwanzoni mwa 2022, SoftBank, mwenye Arm, alibaki na dola bilioni 1.25 alizokuwa amelipwa mapema.

Wewe unabaki na hisa zako na bei itakayoanguka siku hiyo. Ila mambo hayaishii siku hiyo. Arm ilikuwa inauzwa kwa dola bilioni 40; Septemba 2023 iliingia sokoni ikiwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 50. Figma nayo iliingia soko la New York Julai 2025 kwa dola 33 na siku ya kwanza bei ikapanda zaidi ya mara tatu. Walionuna siku ya kuvunjika walikuwa na haki ya kununa, kwa miezi kadhaa hivi.

13. Mnunuzi anaweza kubadili mawazo tu na kuondoka?

Kama mkataba umeandikwa vizuri, ni vigumu. Elon Musk alisaini kuinunua Twitter kwa dola 54.20 kwa hisa mwaka 2022, kisha akataka kujitoa. Twitter ikamshtaki kwenye mahakama ya jimbo la Delaware, Marekani, ikitaka alazimishwe kununua, si kulipa faini tu. Wiki chache kabla ya kesi kusikilizwa alikubali, na akalipa bei ile ile mwezi Oktoba, wakati bei za hisa za teknolojia zilikuwa zimeporomoka. Katikati, mwezi Julai, kuna waliouza Twitter kwa bei ya dola thelathini na kitu kwa woga.

Tafuta kifungu kinachosema kama muuzaji anaweza kudai ununuzi wenyewe ukamilishwe. Kikiwa hakipo, ada ya swali la 12 ndiyo bei ya mnunuzi kutoroka.

14. Basi niuze sasa au nisubiri?

Pima pande mbili: kilichobaki kupanda na kinachoweza kuanguka. Hisa ikiwa dola 97 na ofa ni dola 100 taslimu, na kabla ya tangazo ilikuwa 70, umebakiza dola 3 za kupata na dola 27 za kupoteza. Anayeng'ang'ania hapo awe na sababu, kwa mfano kodi, au hakika kwamba ofa ya pili inakuja. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na dola 97 mkononi ni mbachao mzuri.

Ofa ikiwa ya hisa, swali linabadilika kabisa: je, ungenunua hisa za kampuni inayokununua kama ungekuwa na pesa taslimu leo? Kama hapana, kusubiri ulipwe kwa hisa hizo hakuna maana.

## Kura, bodi na wakubwa

15. Nina hisa chache. Kura yangu ina maana gani?

Kwa kawaida mifuko mikubwa huamua, na yenyewe husikiliza kampuni za ushauri wa kura. Lakini Machi 19, 2002 wenye hisa wa HP walipopiga kura kuhusu Compaq, walioafiki walikuwa asilimia 51.4 na waliokataa 48.6. Aliyeongoza upinzani ni Walter Hewlett, mjumbe wa bodi na mtoto wa mmoja wa waanzilishi, ambaye bodini alikuwa ameupitisha muungano huo kisha akageuka. Alikwenda mahakamani baada ya kushindwa, akashindwa huko pia.

Angalizo: sheria za baadhi ya mahali, kama Delaware, huhesabu asiyepiga kura kwenye kampuni inayonunuliwa kama aliyekataa, kwa kuwa kinachotakiwa ni wingi wa hisa zote, si wa waliopiga kura. Na wenye hisa wa mnunuzi mara nyingi hawapigi kura kabisa ikiwa malipo ni taslimu.

16. Bodi imekataa ofa nzuri. Wana haki?

Wana haki, na wakati mwingine wana sababu. Februari 1, 2008 Microsoft iliitaka Yahoo kwa dola 31 kwa hisa, asilimia 62 juu ya bei ya soko, baadaye ikapandisha hadi 33. Bodi ya Yahoo ikaona ni ndogo. Mei 3 Microsoft ikaondoka. Kabla mwaka haujaisha hisa za Yahoo zilikuwa chini ya dola 10, na biashara yake ya intaneti ikaja kuuzwa kwa Verizon mwaka 2017 kwa takriban dola bilioni 4.5, ilhali Microsoft ilikuwa imeanzia dola bilioni 44.6 kwa kampuni nzima.

Hadithi hii husimuliwa hadi hapo na watu wakatikisa kichwa. Husahaulika kwamba Yahoo ilikuwa na sehemu kubwa ya Alibaba, kampuni ya China ya biashara ya mtandaoni, iliyoinunua mwaka 2005 kwa dola bilioni 1 na mali zake za China, na mali hiyo ndiyo iliyowaokoa waliovumilia miaka mingi. Bodi haikukataa kwa kuiona Alibaba ya baadaye, ila mwenye hisa mvumilivu hakufa maskini.

Ukitaka kuibana bodi, silaha zilizopo ni kupiga kura kuwaondoa wakurugenzi, kuungana na wenye hisa wengine wakubwa, au kuuza.

17. Wakubwa wa kampuni wanasema tukubali. Niwaamini?

Mwamba ngoma huvutia kwake. Soma kwenye waraka wa kura ni kiasi gani mkuu wa kampuni atalipwa muungano ukikamilika, kama atapata cheo kwenye kampuni mpya, na hisa ngapi zitakabidhiwa kwake mapema. Benki iliyoandika barua kwamba bei ni ya haki nayo kwa kawaida hulipwa sehemu kubwa ya ada yake siku muungano unapokamilika. Hilo halifanyi bei iwe mbaya. Linakuambia tu barua hiyo uisome kama maelezo ya mwenye maslahi.

18. Nisipofanya chochote?

Muungano ukipita, hisa zako zitabadilishwa zenyewe na dalali atakuwekea pesa au hisa mpya. Utakachokuwa umepoteza ni uchaguzi (swali la 8) na haki ya kupinga bei (swali la 21).

## Baada ya kukamilika

19. Zile akiba walizoahidi huonekana?

Za kupunguza gharama huonekana mara nyingi, kwa kuwa ni suala la kufunga ofisi na kupunguza watu. HP na Compaq ziliahidi dola bilioni 2.5 kwa mwaka na kutangaza kupunguza wafanyakazi 15,000, na akiba zilipatikana. Hata hivyo Carly Fiorina, mkuu wa HP aliyeuongoza muungano huo, alipoondolewa Februari 2005, hisa za HP zilikuwa bado chini ya bei ya siku moja kabla ya tangazo. Sekta yote ilikuwa imepita miaka mibaya, kwa hiyo lawama zote haziwezi kuwa za Compaq.

Ahadi za mapato mapya ni jambo lingine. "Tutawauzia wateja wao bidhaa zetu" ni sentensi rahisi kuandika. Wateja wa programu wana mikataba yao na mazoea yao, na wahandisi waliojenga bidhaa iliyonunuliwa huweza kuondoka mara tu wakilipwa. Mifumo miwili ya kompyuta isiyoelewana huweza kula miaka. Ukitathmini ofa, ahadi za gharama zihesabu kwa sehemu kubwa, za mapato kwa sehemu ndogo sana.

20. Nimesikia kampuni "imefuta thamani" ya ununuzi wake. Pesa zimeenda wapi?

Zilienda siku ya kununua. Kufuta ni vitabu kukiri baadaye. Mnunuzi akilipa zaidi ya mali zinazoonekana, tofauti huandikwa kama thamani ya jina, wateja na matumaini; matumaini yakifa, inaondolewa. Microsoft ilikamilisha kununua biashara ya simu ya Nokia Aprili 2014, na Julai 2015 ikafuta dola bilioni 7.6. AOL Time Warner iliripoti hasara ya karibu dola bilioni 99 kwa mwaka 2002 kwa sababu kama hiyo.

Kabla hujacheka, kumbuka soko nalo hukosea upande wa pili. Google ilipolipa dola bilioni 1.65 kwa YouTube mwaka 2006, na Facebook ilipotangaza kulipa bilioni 1 kwa Instagram mwaka 2012, wengi waliona ni pesa za kutupa.

## Hali za pekee

21. Naona bei ni ya dhuluma. Naweza kumwomba jaji aamue thamani?

Sehemu nyingine, ikiwemo Delaware ambako kampuni nyingi za Marekani zimesajiliwa, unaweza, kwa masharti makali: usikubali muungano, toa taarifa mapema, na usubiri bila malipo.

Michael Dell na wenzake walipoinunua Dell mwaka 2013 kwa dola 13.75 kwa hisa, waliopinga walikwenda mahakamani, na mwaka 2016 jaji akasema thamani halisi ilikuwa dola 17.62. Mwaka uliofuata mahakama ya juu ikaitengua hukumu hiyo. Kilichotuachia mdomo wazi ni T. Rowe Price: kampuni hiyo ya kusimamia mifuko ya uwekezaji ilipinga bei hadharani, lakini kwa kosa la mfumo wake wa kura hisa zake zilipiga kura ya kukubali, na ikapoteza haki ya kudai. Iliwafidia wateja wake takriban dola milioni 194 kutoka mfukoni mwake.

22. Ni mfanyakazi, nina hisa nilizoahidiwa ambazo sijakabidhiwa.

Zinaweza kugeuzwa kuwa hisa za mnunuzi kwa ratiba ile ile, kulipwa taslimu kidogo kidogo, au mara chache kukabidhiwa zote papo hapo. Muhimu ni nini kitatokea ukiachishwa kazi baada ya muungano. Jibu liko kwenye mkataba wako wa hisa, si kwenye hotuba ya mkutano wa wafanyakazi wote.

23. Kampuni yetu ni changa na haipo sokoni. Imeuzwa kwa dola milioni 70, mbona sipati kitu?

Kwa sababu wanaodai hulipwa kwanza, na wawekezaji walioingiza mtaji huwa na haki ya kulipwa kabla yenu. Tuseme waliweka milioni 60. Linatoka kwanza deni la milioni 5 na ada za mawakili na benki, halafu hizo milioni 60. Waanzilishi na wafanyakazi hugawana kilichobaki, na kikiwa kidogo ndiyo hivyo. Sehemu nyingine ya malipo huwekwa kando kwa mwaka mmoja au zaidi ili kufidia matatizo yatakayogunduliwa baadaye, na nyingine hulipwa tu kampuni ikifikia malengo fulani. Bei iliyo kwenye tangazo ndiyo ya juu kabisa inayowezekana.

24. Rafiki yangu anafanya kazi kwenye moja ya kampuni hizo, ameninong'oneza kwamba wananunuliwa. Ninunue?

Usinunue. Kununua kwa habari ya ndani ambayo haijatangazwa ni kosa la jinai kwenye masoko makubwa karibu yote, kwako na kwa rafiki yako. Wasimamizi wa masoko hurudi nyuma na kuangalia kila aliyenunua siku chache kabla ya tangazo, na mtu asiyewahi kugusa hisa za kampuni hiyo ambaye ghafla ameweka akiba yake yote humo huonekana haraka kuliko anavyodhani.